Injini Hii Ni Yake? Namna ya Kukagua Nasaba ya Gari la Kale Kabla ya Kutoa Dau Mnadani

Mzee aliyenifunza kazi hii ana gereji Ganjoni, Mombasa. Siku tuliyokwenda Nyali kutazama Datsun 240Z iliyokuwa inapigwa mnada na warithi, hakufungua mlango wala hakuuliza gari limetembea kilomita ngapi. Aliomba boneti ifunguliwe, akawasha tochi, akainama upande wa plagi, nyuma kabisa karibu na ukuta unaotenganisha injini na dereva. Namba ya injini ilikuwa pale, imegongwa vizuri, inaanza na L24 kama inavyotakiwa, na tarakimu zake ni zilezile za kwenye logbuku. Karatasi ya mnada ilisema gari lina "injini yake ya asili". Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya pesa kichwani. Mzee akashusha tochi, akapangusa ubavu wa bloku kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, yakajitokeza maandishi manene yaliyovimba: N42. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bloku hii ni ya L28. Namba ile ya juu kuna mtu kaigonga."

L24 ndiyo injini ya 240Z, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. L28 ilikuja baadaye na 280Z, sentimita 2,753. Kwa nje zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na moja huingia mahali pa nyingine bila taabu. Anayetaka kudanganya husaga namba iliyopo kwa grainda, akagonga nyingine kwa nyundo na vigongeo vya chuma. Ni kazi ya alasiri moja. Lakini maandishi yaliyosubiwa pamoja na bloku, yale yaliyotoka kalibuni yakiwa yamevimba, hayagongwi upya. Ukiyaondoa, jeraha linabaki.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja. Namba ya injini ni shahidi mmoja tu, tena shahidi anayeweza kufundishwa la kusema. Mimi nataka mashahidi wasiojuana: chuma, daftari la kiwanda, logbuku, risiti ya gereji, picha iliyoning'inia ukutani kwa mtu asiye na haja ya kuniuzia chochote. Hao wakisema jambo moja, naamini. Wakipishana, nauliza kwa nini, na jibu ndilo linaloamua bei.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kununua gari la kale la michezo mnadani, liwe liko hapa pwani au analitazama kwenye katalogi ya Uingereza au Marekani. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inaitegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Jua "asili" maana yake nini kwa gari unalolitaka

Watu husema "namba zinalingana" kana kwamba ni kitu kimoja kwa magari yote. Kila kiwanda kilikuwa na desturi yake, na asiyeijua desturi hudanganywa hata na muuzaji mkweli.

Ferrari za barabarani za miaka ya 1950 na 1960 ziligongwa kwenye injini namba ileile ya chesisi, na juu ya hiyo injini ina namba nyingine ya ndani ya kiwanda. Kwa hiyo kwa gari la aina hiyo "kulingana" ni kulingana kwelikweli, tarakimu kwa tarakimu. Ukienda kwa Porsche 911 mambo yanageuka. Namba ya injini haifanani na ya chesisi, na haikupata kufanana. Iko kwenye kesi ya injini karibu na kishikio cha feni, na jirani yake kuna namba ya aina. Carrera RS 2.7 ya 1973, kwa mfano, injini yake ni ya aina 911/83. Kwa Porsche, kulingana ni kulingana na kadi ya kiwanda, ile wanayoiita Kardex, ambapo injini iliyofungwa siku gari linazaliwa iliandikwa. Bila rekodi ya kiwanda, unachoweza kusema ni kwamba injini ni ya aina inayofaa. Zaidi ya hapo huna haki ya kusema.

Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961, ina namba nne za kufuatilia: ya chesisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi. Ya injini iko mahali pawili, kwenye bloku juu ya filta ya oili na mbele ya hedi. Injini ya lita 3.8 namba yake huanza na R na huishia na 8 au 9 baada ya kistari, tarakimu inayoeleza kiwango cha mgandamizo. Namba ya bloku ikiwa moja na ya hedi nyingine, hedi imebadilishwa. Si balaa, lakini iandike. Na kwa sisi wa Kenya kuna jambo la ziada kwenye chesisi za zile 3.8. Zinazoanza na 850 ni za wazi zenye usukani wa kulia, 860 ni za kufunikwa zenye usukani wa kulia, 875 na 885 ni za usukani wa kushoto. Ukikuta 875 na usukani uko kulia, gari limegeuzwa. Muulize muuzaji nani aliligeuza, lini, na kwa spea zipi.

MGB ni rahisi kuliko zote kuchezewa, maana namba ya injini iko kwenye kibati kidogo cha alumini kilichopigwa ribiti juu ya bloku. Kibati kinahama na ribiti mbili. Kwa gari hilo mimi hutazama ribiti kabla ya namba.

Magari yaliyokimbia mashindano yapimwe kwa kipimo kingine. Injini zilibadilishwa kati ya mbio na mbio, wakati mwingine na kiwanda chenyewe, na hakuna aliyeona aibu. Mwezi Agosti 2018 Ferrari 250 GTO iliuzwa mnadani Monterey, California, kwa dola 48,405,000. Gari hilo lilivalishwa bodi mpya na mtengeneza bodi Scaglietti mwaka 1964, likiwa bado kijana, ila injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zilibaki zilezile alizozaliwa nazo. Wanunuzi walilielewa hilo kwa sababu kila badiliko lilikuwa na tarehe na mkono uliolifanya ulijulikana.

Kabla ya kuendelea na hatua ya pili, chukua daftari uandike: gari langu lina namba ngapi, ziko wapi, zinaanza na nini, na rekodi ya kiwanda iko kwa nani.

Hatua ya 2: Isome katalogi kama mkataba

Waandishi wa katalogi ni watu makini, na umakini wao uko kwenye maneno wanayoyachagua. "Injini yake ya asili" ni dai zito. "Injini inayoaminika kuwa ya asili" ni nyepesi mno, maana haijasemwa nani anaamini. "Injini ya aina sahihi" inakwambia waziwazi kwamba ile aliyozaliwa nayo haipo. "Injini ya zama zake" ni vivyo hivyo. "Injini mbadala ya kiwanda" inahitaji barua ya kiwanda. Na pale ambapo katalogi inasifu rangi, ngozi ya viti na sauti ya moshi lakini haitaji injini kabisa, kimya hicho kina maana.

Andikia nyumba ya mnada maswali matatu: namba iliyogongwa kwenye bloku ni ipi, namba iliyoko kwenye rekodi ya kiwanda ni ipi, na nani alizisoma kwa macho yake. Omba picha za namba zilizopigwa kwa karibu. Omba jibu kwa maandishi. Simu ni nzuri kwa salamu, ila ukija kudai haki yako simu haina ushahidi. Kisha soma masharti ya mauzo mpaka mstari wa mwisho. Karibu kila mnada huuza gari kama lilivyo, na muda wa kulalamika ukiwepo huwa mfupi.

Hatua ya 3: Fuata silsila ya wamiliki

Hii ndiyo hatua inayokula siku nyingi, na ndiyo niipendayo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosoma madrasa wana mfano ulio karibu zaidi: isnadi. Habari haikubaliwi kwa uzuri wake. Hukubaliwa kwa mlolongo wa waliopokezana, na kila mmoja lazima ajulikane alikuwa nani, aliishi wapi, na je, aliweza kukutana na aliyemtangulia. Gari nalo ni hivyo. Chora mstari kwenye karatasi kuanzia mwaka lilipotengenezwa hadi leo. Weka kila mmiliki na miaka yake. Penye pengo, acha pengo, usilizibe kwa kukisia. Pengo la mwaka mmoja ni kawaida. Pengo la miaka 15 ambalo baada yake gari linaibuka likiwa na rangi mpya na "injini yake" ndipo pa kukaa na kuchimba.

Anza na kiwanda. Kwa Jaguar, cheti hutolewa na Jaguar Daimler Heritage Trust. Kwa MG, Austin-Healey na Triumph, daftari za uzalishaji nyingi ziko kwenye hifadhi ya British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza. Cheti kitakupa tarehe ya kukamilika gari, rangi, namba ya injini na mara nyingi lilipelekwa kwa wakala gani. Mara nyingi huombwa na mwenye gari, hivyo mwambie muuzaji aombe, na akikataa bila sababu umeshajifunza kitu. Lakini elewa mpaka wa cheti. Karatasi hiyo inasema gari lililotoka kiwandani lilikuwaje. Haijaliona gari lililo mbele yako. Ferrari Classiche, idara iliyoanza mwaka 2006, ni tofauti kidogo: wao hulikagua gari lenyewe kabla ya kutoa kitabu chao chekundu. Ukichanganya vyeti vya aina hizi mbili, utalipia uhakika ambao haupo.

Hapa nyumbani anza na logbuku. Ile ya zamani ya kijitabu ina thamani kubwa, kwa kuwa wamiliki waliandikwa mmoja baada ya mwingine kwa mkono, na miandiko na mihuri tofauti ni vigumu kuighushi yote. Linganisha na nakala ya rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ambayo huombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Itazame na namba ya usajili. Namba za Kenya zisizo na herufi ya mwisho zilitangulia mfululizo wa sasa wenye herufi hiyo, ulioanza upya na KAA. Ukiambiwa gari limeishi Mombasa tangu 1966 na limevaa KAT au KBC yenye herufi ya mwisho, uliza lilikuwa na namba gani kabla ya hiyo. Huenda lilitoka nchi jirani, huenda lilisajiliwa upya. Jibu zuri lipo, ila lazima litolewe.

Halafu tafuta karatasi ambazo hazikuandikwa ili kuuza gari. Hizi ndizo dhahabu. Risiti ya gereji ya 1974 inayosema "kufungua injini, kubadilisha ringi na bearingi", ikiwa na namba ya injini juu yake, haikuwa na sababu ya kusema uongo. Vivyo hivyo cheti cha bima, barua ya mwajiri kuhusu posho ya gari, hati ya kutolea gari bandarini Kilindini, hata faini ya polisi. Barua ndefu yenye historia nzuri ya gari iliyoandikwa mwezi uliopita na muuzaji mwenyewe, isome kwa adabu kisha iweke pembeni.

Wazee waliolimiliki au kulitengeneza ni hazina, na wengine wanatuacha kila mwaka. Nenda kwao. Piga hodi, amkia, kubali kikombe cha kahawa. Usiulize, "Injini ni ileile, sivyo, mzee?" kwa sababu mtu mstaarabu atakuitikia asikuvunje moyo. Uliza, "Enzi zako injini yake ilipata kufunguliwa?" Uliza, "Nani alikuwa fundi wake?" Kisha nyamaza. Niliwahi kuuliza hivyo nyumbani kwa mama mmoja Mji wa Kale kuhusu gari la marehemu mumewe. Akanyanyuka, akarudi na albamu. Kwenye picha moja, ya harusi, gari lilikuwa nyuma ya bibi harusi, na bampa la mbele lina kibonyeo upande wa kushoto. Kibonyeo hichohicho nilikuwa nimekipapasa kwa kidole wiki iliyopita. Picha hiyo ilinihakikishia zaidi ya faili zima la dalali.

Nisitoke hatua hii bila kusema neno juu ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, na 240Z ilishinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta. Kwa fahari hiyo, kila 240Z kuukuu inayopatikana pwani husemwa kuwa "ilikimbia Safari". Baadhi zilikimbia kweli, mikononi mwa madereva binafsi ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa. Dai hilo linapimika. Taka mwaka na namba ya mashindano. Nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ukatafute magazeti ya juma lile. Tafuta picha inayoonyesha namba ya usajili. Kisha rudi kwenye chuma: gari lililokimbia Safari lina makovu yake, matundu ya taa za ziada, vyuma vya kuongezea nguvu mahali springi zinapokaa, alama za bamba la kukinga tumbo la injini. Rangi na namba ya mlangoni hupakwa kwa siku moja.

Hatua ya 4: Kagua chuma

Beba tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo chenye mpini, sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa laini, mafuta ya taa, brashi ya nywele, penseli na karatasi nyembamba. Usibebe msasa, na usimruhusu mtu yeyote kukwangua namba "ionekane vizuri". Ukikwangua umemuua shahidi.

Safisha sehemu ya namba taratibu kwa mafuta ya taa. Weka tochi ubavuni, mwanga ulale juu ya chuma, kwa sababu mwanga wa usoni huficha. Sasa usisome namba kwanza. Tazama uwanja ilipogongwa. Kiwanda kilisawazisha uwanja huo kwa mashine, na mashine huacha mistari laini inayokwenda upande mmoja. Kwenye Chevrolet Corvette, namba iko kwenye uwanja mdogo mbele ya hedi ya kulia, na wakaguzi wa Marekani hutafuta mistari hiyo kabla ya kitu kingine. Uwanja uliosagwa kwa grainda una mikwaruzo ya mviringo au umebonyea kidogo kuliko pembezoni. Ukipitisha ukucha utahisi.

Ndipo utazame tarakimu. Viwanda vilikuwa na seti zao za vigongeo, na kila seti ina umbo lake: mkia wa 9, juu ya 3 palivyo, 1 yenye mguu au isiyo na mguu. Tafuta picha za magari mengine ya mwaka uleule na namba zilizo karibu na yako, uziweke sambamba. Usiogope namba zilizopinda. Mfanyakazi wa kiwandani aligonga kwa mkono, saa kumi jioni, amechoka. Namba zilizonyooka mno, zenye kina kimoja, kwenye gari ambalo wenzake wote zimepinda, ndizo za kutilia shaka. Weka karatasi juu, upitishe penseli, uchukue nakala. Nakala ya penseli huonyesha mambo ambayo kamera hukosa.

Kisha tafuta maandishi yaliyosubiwa, kama yale ya N42. Kwenye bloku nyingi utakuta namba ya sehemu na tarehe ya kusubiwa. Chevrolet walitumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Kanuni hapa ni ya mantiki tu: bloku lazima isubiwe kabla gari halijakamilika. Bloku ya Aprili kwenye gari lililotoka kiwandani Februari ya mwaka huohuo haiwezi kuwa yake, hata namba iliyogongwa iwe nzuri namna gani. Usiishie kwenye injini. Tazama kabureta, hedi, giaboksi na difu. Sehemu hizi nazo zina alama zao, na mdanganyifu huchoka kabla ya kuzifikia zote.

Sasa chesisi, na hapa Mombasa ina somo lake. Chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana. Gari lililolala miaka 20 Bamburi au Mtwapa kwenye kibanda cha makuti linaweza kuwa limeoza mahali hasa penye namba ya chesisi. Fundi mwema hukata kipande kilichooza, akachomelea kipya, akairudisha namba ilipokuwa. Mwizi naye hufanya kazi hiyohiyo. Kinachowatenganisha ni ushahidi: picha za kabla na baada, tarehe, risiti ya gereji iliyofanya kazi. Tumia kioo kutazama nyuma ya bati penye namba. Mgongo wa namba za kugongwa huacha kivuli upande wa pili. Tafuta ukingo wa kuchomelea unaoizunguka namba kama fremu ya picha. Weka sumaku, na isiponata huenda kuna bodifila chini ya rangi. Tazama vidoti vya kuchomelea vya kiwandani, ambavyo ni mviringo na vimepangana kwa umbali sawa. Mstari mrefu wa gesi mara nyingi haukutoka kiwandani.

Piga picha kila kitu, hata usichokielewa. Nimepata majibu nyumbani usiku kutoka kwenye picha niliyoipiga bila kujua naipigia nini.

Hatua ya 5: Injini ikiwa si yake

Usikimbie kwanza. Kwa miaka mingi spea za magari haya zilikuwa shida hapa kwetu, na mwenye gari alitaka kufika kazini. Injini ikipasuka, alifungiwa iliyopatikana. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuficha.

Uliza swali moja kabla ya kushusha bei: "Ile yake iko wapi?" Mara nyingine iko hapohapo, nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai chini ya mwembe. Bloku iliyopasuka inaweza kushonwa na fundi mjuzi, na hata isiposhoneka, gari linalouzwa pamoja na injini yake pembeni ni bora kuliko lisilo nayo kabisa. Iandikwe kwenye mkataba wa mauzo kwa namba yake. Ile 240Z ya Nyali tuliulizia pia. Mtoto wa marehemu alisema kwa uchungu kwamba bloku ya zamani aliipa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, kusafisha uwanja. Kama unasoma haya na una gari la kale, nakusihi: usiuze bloku kwa kilo.

Injini iliyobadilishwa inatakiwa iwe imeandikishwa NTSA, na namba mpya ionekane kwenye logbuku. Ikiwa logbuku inasema moja na chuma kinasema nyingine, muuzaji arekebishe kabla ya mnada. Usikubali kulirithi tatizo hilo.

Kuna kesi moja inayonifundisha kila ninapoikumbuka. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya London iliamua kuhusu Bentley iitwayo Old Number One, mshindi wa mbio za Le Mans 1929 na 1930. Mnunuzi alikataa kulipa, akisema vipande vingi vya gari la ushindi havipo tena. Jaji Otton alitazama historia yake yote, jinsi lilivyobadilishwa kipande baada ya kipande bila mnyororo kukatika, na bila gari jingine kudai jina hilo, akaamua kwamba ndilo lenyewe. Chuma kilikuwa kimebadilika sana. Silsila haikukatika. Ndiyo maana mimi hutumia siku tano kwenye karatasi na moja kwenye chuma.

Hatua ya 6: Sheria na forodha

Kama gari liko nje ya nchi, usitoe dau kabla ya kuuliza KEBS, shirika la viwango, na KRA, mamlaka ya mapato. Kanuni ya KS 1515 inataka gari lililotumika linaloingia Kenya lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani wa kushoto ni kikwazo cha peke yake. Eleza gari lako ni lipi, pata jibu kwa maandishi. Wengi wamenunua kwanza wakauliza baadaye.

Kama liko hapa, hakikisha dalali ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali. Namba ya chesisi ikiwa imefutwa au haipatani na logbuku, ondoka. Hata gari liwe zuri vipi, kuchezea namba ya chesisi ni jambo la polisi, na siku litakapokamatwa litakamatwa likiwa mikononi mwako.

Hatua ya 7: Siku ya mnada

Usiku wa kuamkia mnada, andika bei tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ni ya gari likiwa na injini yake iliyothibitishwa na angalau mashahidi watatu wasiojuana. Ya pili ni ya gari lenye injini ya aina sahihi isiyo yake. Ya tatu ni ya gari lenye injini ya aina nyingine kabisa. Kwenye kila moja toa ada ya mnunuzi, ambayo kwenye kumbi kubwa huwa mara nyingi asilimia 10 au zaidi juu ya bei inayotangazwa nyundo inapogonga meza. Toa na gharama ya usafiri na kodi. Inayobaki ndiyo dau lako la mwisho. Chagua bei moja kati ya hizo tatu kulingana na ulichokiona, si ulichokitamani, na ziba mbili zilizobaki.

Fika mapema. Omba boneti ifunguliwe tena, usome namba tena, kwa maana gari linaweza kuguswa kati ya siku ya kulitazama na siku ya kuliuza. Keti mahali utakapomwona dalali bila kugeuka. Akitangaza marekebisho ya katalogi kwa mdomo kabla ya gari kuingia, sikiliza kila neno, maana marekebisho hayo ndiyo yanayoshika. Nimemsikia dalali akisema haraka haraka, "injini, aina sahihi," kwa gari ambalo katalogi ilikuwa imesema "ya asili". Nusu ya ukumbi ilikuwa inazungumza, na dau likapanda kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Ukishinda, kabla ya kulipa salio na kabla gari halijapandishwa kwenye lori, shuka na tochi yako. Piga picha namba ya injini, ya chesisi, ya giaboksi na vibati vyote, gari likiwa bado palepale na bango la mnada likionekana nyuma yake. Pokea faili la karatasi mkono kwa mkono, hesabu kurasa mbele ya karani, kila mmoja atie sahihi idadi hiyo. Karatasi zisisafiri na gari. Zibebe mwenyewe.